Tupeane uzoefu: makala yako ya historia ya kale au ya zama za kati ilipitia nini mpaka jarida likaipokea?

Kigae:
Habari zenu wanajamvi. Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu, leo nalitoa. Mwaka 2021 nilimaliza shahada ya uzamili kwa kuchambua vigae vya vyungu kutoka kisiwa kimoja cha kusini, si mbali na Kilwa. Nikachukua sura ya nne ya tasnifu kama ilivyo, maneno 14,000, nikaituma kwenye jarida la nje. Siku ya sita mhariri akanirudishia. Haikufika hata kwa wahakiki, wale wataalamu wanaoisoma makala na kuipima kabla haijakubaliwa. Aliandika sentensi mbili: kikomo chetu ni maneno 9,000, na sijaliona swali ambalo makala hii inalijibu.

Ya pili ndiyo iliyoniuma. Nilikuwa nimeeleza kila kigae, unene wa ukingo, nakshi za pembetatu, rangi ya udongo. Swali sikuwa nalo. Ilinichukua miezi minne kulipata: kwa nini vyungu vya kupikia vya wenyeji havibadiliki sana katika tabaka zile zile ambamo vyombo vya kutoka Uajemi na China vinazidi kuongezeka? Nilipoliweka swali hilo aya ya kwanza, nusu ya majedwali nikaona hayana kazi tena, nikayaondoa. Sasa makala iko kwa wahakiki wa jarida jingine, na nasubiri.

Naomba kila mwenye uzoefu aseme alituma nini, alijibiwa nini, alibadilisha nini. Kama una malalamiko na jarida au chuo, usikitaje jina. Nawasubiri hasa mnaoandika juu ya pwani yetu. Miji ya kale kama Kilwa, Songo Mnara, Gedi na Shanga imeandikwa sana, lakini majina ya watu wa huku mara nyingi utayakuta mwishoni kabisa, kwenye shukrani.

Mtepe:
Asante Kigae kwa kuanzisha. Mimi ni mwalimu wa sekondari Tanga, naandika usiku watoto wakilala. Makala yangu ilihusu Menouthias, kile kisiwa kinachotajwa katika Periplus ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki karne ya 1 BK. Nilitaka kuthibitisha kwamba ni Pemba. Wengine wanasema Unguja, wengine Mafia. Nilikuwa na ramani nzuri na tafsiri ya Kiingereza.

Baada ya miezi saba zikaja ripoti mbili. Mhakiki wa kwanza aliipenda. Wa pili aliuliza jambo moja tu la maana: je, mwandishi amekitazama Kigiriki chenyewe, au ametegemea tafsiri? Nilikasirika wiki nzima. Kigiriki ningekisomea wapi mimi?

Halafu nikakumbuka kuna seminari si mbali na kwetu. Nikaenda Jumamosi moja, nikamkuta padri mzee anayefundisha Kigiriki. Alinipokea vizuri, akasema njoo kila Jumamosi baada ya misa ya asubuhi. Miezi sita. Sikuwa mtaalamu, ila niliweza kufuata aya ya 15 na ya 16 neno kwa neno nikiwa na kamusi. Hati kuu ya matini hayo, ya karne ya 10, iko maktaba ya chuo kikuu cha Heidelberg, Ujerumani, na picha zake zinatazamwa bure mtandaoni. Nilipoifungua kwenye simu ya mkononi nikaona mwenyewe kitu ambacho tafsiri yangu haikunionyesha: pale jina la kisiwa linapotokea, herufi zimebanana na kuharibika, na wahariri wanazirekebisha kwa kukisia. Makala yangu yote nilikuwa nimeijenga juu ya mahali pabovu.

Nikaiacha hoja ya Pemba. Lakini aya ile ile inasema watu wa kisiwa wana mitumbwi ya gogo moja na vyombo vilivyoshonwa, na wanatega kwa vikapu vya kusuka kwenye midomo ya mikondo ya maji. Nimekulia Tanga jamani. Hilo ni dema! Na aya ya 16 inasema soko la Rhapta limepata jina kutokana na vyombo vya kushonwa. Babu yangu alikuwa akitusimulia mitepe, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari. Nikaandika upya, safari hii juu ya namna ya kuvisoma vikapu na vyombo hivyo kwa macho ya mvuvi, nikapima madema matatu, nikaeleza yanategwa maji ya aina gani na kwa nini.

Yule yule mhakiki wa pili akaandika: sehemu hii hakuna mwingine angeweza kutuandikia. Tangu kutuma mpaka kukubaliwa ni miezi 19.

Kigae:
Mtepe, nimeisoma mara mbili. Ulimjibuje mhakiki huyo raundi ya kwanza? Mimi hapo ndipo ninapokwama, naandika kama mtu anayejitetea mahakamani.

Mtepe:
Kwa jedwali. Safu ya kushoto nilinakili kila hoja yake kama alivyoiandika, nikaipa namba. Safu ya kulia nikasema nimefanya nini, ukurasa na mstari. Pale nisipokubaliana nilisema sikubaliani nikatoa sababu, mara mbili tu kati ya hoja 23. Na usijibu siku unayopokea ripoti. Iache ilale.

Mihrabu:
Assalaam alaykum. Mimi nipo Unguja, nasoma maandishi ya Kiarabu kwenye makaburi na misikiti ya kale. Langu ni la tarehe, nalisema ili asije mwengine akaanguka pale pale.

Nilikuwa na jedwali la makaburi yenye mwaka wa Hijria, nikaligeuza lote kwa kanuni ya kikokotoo, kila mwaka wa Hijria mwaka mmoja wa Miladi. Mhakiki akanirudishia na alama kwenye tarehe 11. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, basi karibu kila mara unaanguka ndani ya miaka miwili ya Miladi. Tazameni Kizimkazi: maandishi ya msikiti yanataja mwezi wa Dhulqaada mwaka 500. Kwa kuwa mwezi umetajwa, tunaweza kusema 1107 bila wasiwasi. Ungekuwa umetajwa mwaka peke yake, ilibidi tuandike 1106/1107 na tuishie hapo. Mimi nilikuwa nimechagua mmoja kwa kila kaburi, bila haki. Na kwenye kaburi moja mwaka huo mmoja ulinifanya niseme marehemu alikufa kabla ya mtu ambaye kumbe alimtangulia.

Jambo jengine ni herufi. Nilinakili majina kwa alama zote, nukta chini ya herufi, ayn na hamza. Mfumo wa jarida ukatengeneza PDF, majina yakageuka visanduku vitupu. Wahakiki walisoma hivyo hivyo! Siku hizi natumia fonti ya Yunikodi, na kabla ya kubonyeza tuma naishusha ile PDF na kuisoma mwanzo hadi mwisho. Hata kama ni saa nane usiku.

Picha nazo zilikataliwa. Nilipiga mchana, jua la utosi, khatti haionekani. Nikarudi alfajiri, nikasubiri jua la ubavuni linapolala juu ya jiwe, na herufi zikasimama kwa vivuli vyake. Nikaweka na kipimo cha sentimita pembeni. Herufi mbili ambazo tangu mwanzo nilizisoma vibaya nilizigundua asubuhi ile.

Makaburi yale yana wenyewe. Niliomba ruhusa kwa familia mbili wanaoyatunza, na niliwataja kwenye makala, ingawa jarida halikuniuliza. Nawaomba na nyinyi mfanye hivyo.

Kaskazi:
Mimi ni wa Mombasa. Yangu inauma, lakini acha niseme. Nilihitaji makala moja ili nipandishwe cheo kazini. Nikapata baruapepe ya kunisifu, jarida la historia la kimataifa, wananialika. Nikatuma kazi yangu ya miaka mitatu kuhusu visima na mifereji ya maji katika mji mmoja wa kale wa pwani ya Kenya. Ikakubaliwa siku ya nne. Hakuna hata koma iliyobadilishwa. Wakaomba dola 250, nikalipa.

Kamati ya chuo ikakataa kuihesabu. Nikajaribu kuiondoa, hawajibu. Nikaituma kwa jarida zuri, mhariri akaniambia kwa upole kwamba kitu kilichokwisha kuchapishwa hawezi kukipokea. Kwa hiyo zile data zimekwama hapo, na vile visima vimeanza kufukiwa na ujenzi. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, cheo kitakuja.

Tafadhali, kabla ya kutuma angalieni wahariri ni akina nani na kama wao wenyewe wanajua wako kwenye jarida hilo. Tafuteni kwenye DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida yanayosomwa bure, au AJOL kwa majarida ya Afrika. Soma makala mbili tatu walizochapisha. Na jarida halali likiwa na ada, andika uombe msamaha wa ada kabla hujatuma. Mengi yana utaratibu huo kwa watafiti wa nchi zetu. Kuna mengi pia yasiyotoza chochote.

Kigae:
Pole sana ndugu yangu. Rudi ukapime visima vilivyobaki. Vipimo vipya ni makala mpya.

Makaa:
Kwa ufupi, mimi ni wa tarehe za kaboni, yaani kupima umri wa vitu vya kale kwa kaboni iliyomo. Nilituma tarehe ya ukuta wa msikiti kutokana na vipande vya makaa ndani ya chokaa. Mhakiki: makaa hayo ni kuni za tanuru la chokaa, yanakupa umri wa mti, si wa ukuta. Kweli tupu. Nikaongeza tarehe ya gome la kombe. Akasema kombe linabeba kaboni kongwe ya bahari, litaonekana la zamani kwa mamia ya miaka, umesahihisha vipi? Sikuwa nimesahihisha. Mwishowe nilirudi kwenye mifuko ya udongo uliochekechwa, nikatafuta punje za mtama zilizoungua. Punje ni ya msimu mmoja, haina ujanja.

Andika namba ya maabara ya kila sampuli, programu uliyotumia, na mkondo wa usahihishaji (wa kugeuza kipimo cha maabara kuwa miaka ya kalenda), wa kaskazini au wa kusini mwa ikweta. Kwetu huku pepo za msimu zinachanganya hewa za pande mbili, kwa hiyo lazima useme kwa nini umechagua huo. Na namba ya kibali cha utafiti iwepo, COSTECH kwa Tanzania bara, NACOSTI kwa Kenya. Wahariri wanaiuliza.

Mwalimu Mstaafu:
Nimewasoma wanangu. Mimi nimekaa upande wa pili, nimekuwa mhakiki kwa zaidi ya miaka ishirini, bila malipo kama ilivyo desturi. Niwaambie ninachokutana nacho mara nyingi.

Mtu anaandika "Habari za Kilwa zinasema", ile historia ya kale ya wafalme wa Kilwa, kana kwamba kitabu ni kimoja. Viko viwili. Kuna matini ya Kiarabu, ambayo nakala yake iliyotoka Unguja karne ya 19 iko British Library, ikachapishwa 1895. Na kuna muhtasari wa Kireno ndani ya kitabu cha João de Barros cha 1552. Orodha za wafalme hazilingani, wala miaka. Mwandishi asiponiambia anatumia ipi, kalamu yangu inasimama hapo.

Kisha suala la Ali bin al-Hasan, mmoja wa watawala wa kale wa Kilwa. Neville Chittick, aliyechimbua Kilwa miaka ya 1960, aliusogeza utawala wake mbele hadi mwishoni mwa karne ya 12, akitegemea sarafu. Mwaka 1984 ikapatikana hazina ya Mtambwe Mkuu, Pemba, zaidi ya sarafu 2,000, na ndani yake sarafu za Ali bin al-Hasan pamoja na dinari za Kifatimi, yaani sarafu za dhahabu za watawala wa Kifatimi. Hapo tarehe zikarudi nyuma, karne ya 11. Bado napokea makala zinazomnukuu Chittick kana kwamba Mtambwe haijafukuliwa. Si kosa la kijana peke yake. Maktaba zetu nyingi zina kitabu cha zamani na hazina kilichofuata. Lakini waandikieni waandishi wenyewe muwaombe nakala. Wengi hutuma siku hiyo hiyo.

Na nina deni la kulisema. Miaka ya nyuma niliandika ripoti kali juu ya makala ya mtu nisiyemjua, juu ya kasoro ya tanbihi zaidi kuliko hoja. Baadaye nilikuja kutambua mwandishi alikuwa mwanafunzi, na hakuandika tena. Hoja yake ilikuwa nzuri. Tangu hapo kila ripoti naianza kwa kueleza nilichojifunza kutoka kwenye makala.

Chipukizi:
Shikamoo Mwalimu, na wakubwa wote. Nipo mwaka wa pili wa uzamili. Je, naweza kuandika makala ya aina hii kwa Kiswahili ikahesabika? Tenzi na majina ya mahali nikiyaeleza kwa Kiingereza yananyauka.

Mwalimu Mstaafu:
Marahaba. Unaweza. Swahili Forum inapokea Kiswahili, na jarida la Kiswahili la TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pia. Uliza idara yako mapema wanayahesabu vipi. Ila uandishi uwe na ukali ule ule: tanbihi, hati uliyoiona kwa macho yako, ukurasa.

Chipukizi:
Asante sana. Ikisiri ninayo tayari, na jedwali la makaburi manne yenye tarehe za Hijria. Naogopa baada ya kumsoma dada Mihrabu.

Mihrabu:
Usiogope mdogo wangu. Nitumie jedwali pamoja na picha za mawe, makala baki nayo kwanza. Miezi ikitajwa popote, hata nusu ya neno, ioneshe.

Kigae:
Wakuu, wakati tunaendelea hapa ripoti zangu zimeingia. Ni mbili, hoja 31. Sijazifungua zote. Mtepe, nakuandikia faragha kuhusu lile jedwali lako la safu mbili.