Tohara ukubwani kwa waliovaa kombati: tupeane uzoefu

Mstaafu wa Pongwe

Wana Tanga, habari za jioni. Mpwa wangu anaripoti JKT hivi karibuni. Baba yake Msukuma wa Shinyanga, mama yake dada yangu wa Muheza, na kijana hajatahiriwa. Jana kaniuliza: "Mjomba, wakitupanga mstari wakasema anayetaka tohara apige hatua mbele, hapo nitakuwa nimetaka au nimeamrishwa?" Nilikosa jibu, ndiyo maana nawaletea.

Nianze na langu. Mimi niliingia jeshini nikiwa nimeshapita jandoni, kama watoto wengi wa huku. Waliopata taabu ni wenzetu waliotoka mikoa isiyo na mila hiyo. Bafu la hanga, yaani bweni letu la askari, halina mlango. Mmoja, kijana wa Kagera, alikuwa anaoga saa tisa usiku ili tusimwone. Tulimjua, tukamwita mkono wa sweta, tukacheka. Siku moja akatoroka kwenda kwa mtu wa mtaani, akakatwa kwa wembe, na siku ya tatu akasimama gwarideni na kidonda kibichi. Alificha mpaka usaha na homa vikamwangusha. Alipona, lakini kile kicheko chetu ndicho kilichompeleka kule, na kinaniuma hadi leo.

Siku hizo hakuna aliyetuambia kwamba jambo hili lina kinga ndani yake. Majibu yalikuja baadaye. Majaribio ya Orange Farm kule Afrika Kusini, Kisumu ya Kenya na Rakai ya Uganda yalionyesha kuwa mwanaume aliyetahiriwa hupunguza uwezekano wa kuambukizwa VVU na mwanamke kwa kiasi cha asilimia 60, na mwaka 2007 WHO na UNAIDS wakaipendekeza kwa nchi zenye maambukizi mengi na tohara chache. Ngozi ya ndani ya govi ni laini, huchubuka upesi, na ina chembe nyingi ambazo kirusi hupenda kuingilia.

Waliopitia, semeni. Kambi msiitaje.

Msukuma wa Mikanjuni

Shikamoo mzee wetu. Mimi nilifanyiwa nikiwa na miaka 27, timu ya tohara ilipokuja kikosini. Tulifundishwa kwa pamoja, kisha kila mtu akaingia peke yake na mshauri. Kupima VVU niliulizwa kama nataka, nikataka. Sindano ya ganzi ndiyo iliyouma. Baada ya hapo nilisikia kuvutwavutwa tu, na nusu saa haikuisha nikawa nimeshashonwa kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe.

Vijana, jiandaeni kwa alfajiri. Mwili unaamka wenyewe na mshono unavuta, unaweza kulia. Dawa yangu ilikuwa kukojoa kabla ya kulala na kuinuka kutembea mara tu nikiisikia. Msuli wa Tanga niliuthamini wiki ile, maana suruali ya kombati haivaliki.

Tatizo kwangu lilikuwa ED, ile karatasi ya daktari ya kusamehewa kazi. Karatasi inapita kwa sajini mbele ya kombania nzima. Daktari wetu alikuwa na busara, aliandika "upasuaji mdogo", basi. Siku ya pili nikarudi kufunguliwa bandeji, siku ya saba kukaguliwa. Kwata nilirudi taratibu.

Nesi wa Chumbageni

Swali la mpwa ndilo lililonitesa kazini. Kituo kimoja tulipokewa na orodha ya majina 40, imesainiwa na mkubwa wao mmoja. Wote "wamejitolea". Hatukuitumia. Tulimwita mmoja mmoja, mlango umefungwa, tukamuuliza upya. Kumi na moja walisema hawataki.

Sasa hao 11 wakitoka baada ya dakika mbili, waliokaa nje watajua. Kwa hiyo tuliwakalisha ndani muda uleule wa wengine, tukazungumza kondomu, magonjwa ya zinaa, hata mpira. Wakatoka polepole na bahasha ya panadoli mkononi kama wenzao. Wawili walirudi wenyewe mwezi uliofuata. Hiari ya jeshini lazima itengenezewe chumba, ukiiuliza mstarini umeshaiua.

Na wa jandoni msijihesabu mmemaliza kabla ya kukaguliwa. Makuruta wa jeshi la Lesotho walipokaguliwa, baadhi waliojitaja wametahiriwa walikutwa bado na govi, lote au nusu.

Mama wa Duga

Mimi ni mke wa askari. Wake hatukuitwa hata siku moja kuelezwa. Mume wangu alikuja likizo wiki ya tatu, nyuzi zimeshadondoka, anasema amepona. Nilikuwa nimemuuliza jirani yangu mkunga, akaniambia wiki sita kamili, kwa sababu kidonda kinachoonekana kimefunga bado kina mlango wa virusi, kwake na kwangu. Nikamtandikia chumba cha watoto. Alinuna, alikaa.

Lililoniuma zaidi ni alipodai kondomu sasa hazina kazi. Asilimia 60 aliisikia, ile 40 iliyobaki hakuisikia. Na kinga yenyewe ni yake. Angekuwa ameshaambukizwa, tohara isingenikinga mimi.

Nesi wa Chumbageni

Mama umesema kweli. Ndiyo maana tunawapima kabla, na mwenye virusi hatumfukuzi, tunamwambia ukweli huo na kumwanzishia dawa.

Mstaafu wa Pongwe

Nimemsomea kijana yote. Sasa anataka afanyiwe wiki hii, ili akaripoti ameshamaliza. Zimebaki wiki nne. Nesi, inatosha?

Nesi wa Chumbageni

Haitoshi mzee wangu. Wiki ya nne ataingia kwenye mchakamchaka wa alfajiri na kutambaa chini, na hakuna atakayejua ana kidonda. Aende akapime afya yake sasa, tohara aisubirie likizo, au aombe kwa daktari wa kambi mafunzo magumu yakishapita. Kondomu atembee nazo kuanzia leo.

Mstaafu wa Pongwe

Sawa. Kesho asubuhi nampeleka mwenyewe kupima. Nami nitapima naye.