Huyu wa jozi ya mbili amenimaliza, na bado ananiita mjomba

JaKondele_Mkali
Wadau, hata viatu sijavua. Nimetoka meza ya poka saa hii, nimepiga mguu kutoka Milimani mpaka Kondele kwa sababu pesa ya boda imebaki kwa yule mtu. Simtaji, mnamjua. Yule wa kofia ya sufi hata jua la Kisumu likiwaka namna gani. Yule wa njugu mfukoni ambazo hajawahi kugawia binadamu.

Sikizeni. Dau la lazima ni 10 na 20. Nina esi na king. Napandisha mpaka 60, wanafuata wanne. Sawa, meza yetu ni hiyo, mtu akipewa karata mbili anaona amerithi shamba, hatupi. Zinafunguliwa tatu za wote mezani: king, 9, 7. King ni yangu! Naweka 40. Anafuata. Inakuja 5. Naweka 50. Anafuata, anatafuna njugu. Karata ya mwisho: mbili.

MBILI, jameni.

Naweka 100, yeye anasukuma pesa zake zote. Mimi na king yangu nitakimbilia wapi? Nikasukuma 1,350 yote iliyobaki. Akalaza mbili ya kwanza. Akangoja. Akalaza mbili ya pili. Na ile ya mezani, mbili tatu, dhidi ya king zangu mbili. Akapangusa chumvi ya njugu kwa kitambaa cha meza, upande WANGU, halafu akasema: "Jozi ni jozi, mjomba."

Mjomba! Tumezaliwa mwaka mmoja mimi na yeye! Nani anafuata na jozi ya mbili, watu watano ndani, king, 9 na 7 ziko mezani zinamwangalia? Kila karata pale ni kubwa kuliko yake. Mtu kama huyu anafaa kunyimwa hata kitambulisho.

NgegeYaDunga
Pole mjomba.

Kuku_wa_Lurambi
Mjomba, ulipofika nyumbani mama watoto alikupokea na kiti ama na mwiko?

JaKondele_Mkali
Mkianza hivyo nafunga uzi. Nimesema alipangusa chumvi upande wangu. UPANDE WANGU. Hiyo hamuoni?

Hesabu_ni_Dawa
Ndugu mwandishi, tulia kidogo. Mwanzoni hakukosea hata kidogo. Jozi ndogo inapata ya tatu yake kwenye karata tatu za kwanza kama mara 1 katika 8 na nusu hivi, asilimia 12 tu. Lakini alilipa 60, nyuma ana zaidi ya 1,400, na watu wako wengi wa kumlipa ikija. Jozi ndogo inapenda umati ikiwa kiingilio ni rahisi. Kosa ni pale ya tatu ikikosa kuja na mtu akabaki ameng'ang'ana.

JaKondele_Mkali
ASANTE. Alibaki ameng'ang'ana. Uzi umeisha.

Hesabu_ni_Dawa
Haujaisha. Kitita kilikuwa 300 kabla ya king kutoka, nawe ukaweka 40. Wote wakafuata, kikawa 500, ukaweka 50. Wangapi walifuata kabla yake?

JaKondele_Mkali
Wawili. Kwani?

Hesabu_ni_Dawa
Basi alilipa 50 kugombea 650, ni 13 kwa 1. Karata za kumsaidia ni 2 kati ya 46 ambazo hajaziona, yaani 22 kwa 1 dhidi yake. Kwa hesabu ya mezani pekee anatupa. Lakini alikujua. Alijua ukishika king hutoki, na mbele yako kuna 1,450. Akipata mbili anakula zote, na alikula. Ungeweka 350 pale kwenye 5, angerudisha njugu mfukoni na kwenda kwao.

NgegeYaDunga
Hamsini kwenye mia tano. Hiyo si dau, hiyo ni sadaka.

JaKondele_Mkali
Mwalimu, sikuleta mtihani usahihishwe. Nilikuwa nawavuta polepole wasikimbie. Na hiyo hesabu yako haielezi kwa nini aniite mjomba.

Bonde_la_Ufa
Wakisumu mnalia na esi na king? Njooni Nakuru muone. Mimi wiki jana, hapa Section 58, nina jozi ya nne. Tuko watu wanne. Zinatoka 4, 10 na jeki, mbili kati yake ni maua. Seti yangu, nne tatu, imekamilika, najiambia nijifiche kidogo wajae mtegoni. Nagonga meza bila kuweka dau, wote wanagonga. Inakuja ua lingine. Binamu wa mwenye nyumba, ambaye hajui hata kuchanganya karata, ana maua mawili mkononi, jumla matano, yanakula seti yangu. Sasa niambieni, nani ana haki ya kulia hapa?

Hesabu_ni_Dawa
Si wewe. Seti ndogo kwenye watu wanne na maua mawili mezani haifichwi, inapigwa dau hapo hapo. Uliwapa karata ya bure.

Bonde_la_Ufa
Kumbe huyu amelipwa kutukana watu.

Kuku_wa_Lurambi
Hata hivyo mbili msiidharau. Doyle Brunson alichukua ubingwa wa dunia wa poka 1976 na tena 1977, na mara zote mbili mkono wa mwisho alikuwa ameshika kumi na mbili. Yaani karata ya 10 na karata ya 2, si jumla, msianze.

JaKondele_Mkali
Brunson hakuwa anapangusa chumvi kwa kitambaa cha watu.

Mama_Sambusa
Na mwenye nyumba wa Milimani mbona hamumsemi? Anakata 50 kila kitita kikubwa, anasema ni ya taa. Taa gani? Mara ya mwisho stima ilipotea, tukacheza kwa tochi ya simu YANGU, na bado akakata. Sambusa pia zilikuwa baridi, na si zangu, mimi zangu mnazijua.

NgegeYaDunga
Zako tunazijua. Kitunguu kitupu, nyama tunaisikia kwa jirani.

Mama_Sambusa
Wewe bado una deni la sita. Nitaweka picha ya daftari hapa.

Kijana_wa_Nyalenda
Samahani wakubwa, nimesoma kutoka juu na sielewi. Alikuwa na mbili mbili? Si angekulisha karata nne uokote, halafu aseme "niko kadi", anakaribia kumaliza? King inarudisha nyuma, ungemrudishia. Shida iko wapi?

Hesabu_ni_Dawa
Kijana, hiyo ni poka nyingine. Hii ni Texas Hold'em, ya karata mbili mkononi na tano za wote mezani.

Kijana_wa_Nyalenda
Nyingine ni hiyo yenu. Poka ni moja: mbili analishwa mbili, tatu analishwa tatu, joka tano, jeki inaruka mtu.

Kuku_wa_Lurambi
Kijana ana haki. Na huwezi kumaliza na mbili. Huyo wa njugu alimaliza na mbili! Wueh, kwetu angeokota karata.

JaKondele_Mkali
Wadau, turudi kwa uzi. Chumvi. Kitambaa.

Bonde_la_Ufa
Kwetu Nakuru joka unaijibu na joka tu.

Mama_Sambusa
Uongo. Esi inazuia joka, toka zamani.

Bonde_la_Ufa
Esi inazuia mbili na tatu. Joka haizuiliwi, mama, uliza mtu yeyote pale stendi.

Kijana_wa_Nyalenda
Na kama nina kwini na 8, za aina moja, naweza kuziweka zote kwa mpigo?

NgegeYaDunga
Unaweka, lakini kwini na 8 ni karata za swali, hayo ni maswali mawili na hujajibu hata moja. Okota.