Naomba ushauri: msongamano wa watu wa Millbourne niuandikeje?

Ndugu zangu wa jiografia, wakubwa shikamooni.

Ninaandaa maelezo mafupi kuhusu Millbourne, mji mdogo wa makazi katika Kaunti ya Delaware, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, wenye meya na baraza lake ingawa umebanwa kati ya Upper Darby na kijito cha Cobbs, ambacho ng'ambo yake ni Philadelphia. Sensa ya 2010 ilihesabu watu 1,159 na ile ya 2020 watu 1,212, idadi ambayo si haba kwa mji unaoweza kuuvuka kwa miguu kabla chai haijapoa.

Kinachonitatiza ni eneo. Majedwali huandika maili za mraba 0.07, yaani namba iliyokwisha kukadiriwa kwa desimali mbili. Nikigawanya 1,212 kwa 0.07 napata takriban watu 17,300 kwa maili ya mraba; lakini eneo halisi likiwa 0.065 jibu linapanda hadi kama 18,600, na likiwa 0.075 linashuka hadi kama 16,200. Tofauti hiyo pekee inakaribia mara mbili ya wakazi wote!

Je, niandike jibu moja, nitaje kiwango cha chini na cha juu, au nipime mpaka upya kwenye ramani? Pia, ni haki kuulinganisha na Philadelphia, ambayo ndani ya mipaka yake mna bustani kubwa na maeneo ya viwanda yasiyokaliwa na watu? Mimi naona si haki, ila nipo tayari kusahihishwa.