Jogoo wa Kuchi mzuri, lakini ndugu zake wana upanga wa meno: anafaa kuwa wa mbegu?

Mfugaji wa Pongwe, Tanga
Assalaam aleikum, ndugu wafugaji. Ninao majogoo watatu wa Kuchi, wale kuku warefu wa kienyeji, wa baba mmoja na mama mmoja, wenye umri wa miezi minane, nami nataka kubakiza mmoja wa mbegu na kupeleka mmoja kwenye maonyesho ya Nane Nane, Morogoro. Mmoja amewapita wenzake: ni mrefu, shingo imenyooka, mapaja manene, na upanga wake, ile nyama nyekundu ya utosini, ni mfupi uliolala kichwani, kama tunavyoutaka kwa Kuchi. Kinachonitia shaka ni kwamba katika vifaranga 16 wa uzao ule, wanne walitoka na upanga mrefu wa meno uliosimama, ilhali wazazi wote wawili hawanao. Hao wanne nimekwisha kuwauza sokoni Mgandini. Je, huyu anafaa kuwa wa mbegu?

Jirani wa Muheza
Mchukue bila wasiwasi, kaka. Kuchi ni kimo na uzito, upanga hauliwi.

Mzee wa Pangani
Kama shabaha ni kitoweo, bwana wa Muheza amesema kweli. Aliyeuliza, hata hivyo, anataka mbegu, na mbegu haichaguliwi kwa kumtazama jogoo mmoja aliyesimama uani asubuhi.

Upanga mfupi una nguvu kuliko ule wa meno, kwa hiyo kuku anaweza kuubeba wa meno ndani ya damu yake pasipo kuuonyesha. Wawili wa namna hiyo wakipandana, robo ya watoto hutoka na upanga wa meno. Wanne katika 16 ndiyo hesabu yenyewe, ingawa kwa vifaranga wachache hesabu huyumba. Katika watoto waliobaki, ambao kwa macho wote ni safi, wawili katika kila watatu wameibeba kasoro ileile. Kwa hiyo huyo jogoo wako, pamoja na uzuri wake, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa nayo kuliko kutokuwa nayo.

Dawa ni kumjaribu. Mfungie na matembe wawili watatu wa kawaida wenye upanga wa meno, ambao hawakosekani mtaani, kisha totolesha mayai yao. Akitokea hata kifaranga mmoja mwenye upanga wa meno, jibu umelipata. Wakitoka saba wote wenye upanga mfupi, karibu umwamini, kwani jogoo anayeificha hupata saba wa namna hiyo mfululizo mara 1 tu katika 128. Wajaribu wote watatu, kila mmoja na matembe wake, kwa maana huenda aliye safi ni yule usiyempenda.

Mimi mwenyewe niliwahi kubakiza jogoo mwenye mkia uliopindia upande mmoja kwa sababu ya rangi yake tu, na ilinichukua miaka mitatu kuiondoa mikia ile bandani kwangu. Anayefuga kuku wa aina ya Rhode Island Red ana vigezo vilivyokubaliwa Marekani tangu mwaka 1904; sisi wa Kuchi tunategemea macho na kumbukumbu, kwa hiyo andika daftari na uwavishe kuku wako pete miguuni.

Mfugaji wa Pongwe, Tanga
Shikamoo, mzee. Nimeelewa, ila ninakiri kwamba mama yao alikuwa akizurura kabla sijamfungia, na jirani ana majogoo wenye upanga wa meno.

Mzee wa Pangani
Marahaba, mwanangu. Hapo umegusa penyewe. Tembe huhifadhi mbegu ya jogoo kwa wiki mbili, hata tatu. Ukimfungia leo na kuanza kukusanya mayai kesho, hujui unatotolesha ya nani. Huenda basi baba yao hana hatia, lakini mama haponi, kwa kuwa aliye safi hazai upanga wa meno kwa jogoo yeyote. Safari ijayo mfungie wiki tatu kamili kabla ya kuchagua yai la kwanza.

Kwenye maonyesho mpeleke huyohuyo mzuri, kwani pale hutazamwa kuku mwenyewe, si watoto wake. Mzoeshe kukaa kizimbani kuanzia sasa, maana Kuchi ni mgomvi na akitishwa huvunja manyoya ya mkia. Umwogeshe siku tatu kabla ya safari, si usiku wa kuamkia, ili manyoya yapate muda wa kurudisha mafuta yake.