Niache kazi nikazunguke dunia miaka miwili? Naombeni ushauri

Nauli Kwanza:

Wakuu, habari za muda huu. Naombeni ushauri, na msinionee haya.

Mimi ni mwanamke wa miaka 33, mhasibu, sijaolewa, sina mtoto. Tangu nimalize chuo nipo kampuni ile ile. Kazi hainitesi: bosi ni mtu mzuri, mshahara haucheleweshwi, na majuzi nimedokezwa kwamba mkuu wa idara akistaafu mwakani, kiti chake ni changu. Mwingine angepiga vigelegele. Mimi nilirudi mezani nikaanza kuhesabu miaka iliyobaki hadi na mimi nistaafu.

Kusafiri ninakokutaka si kule kwa wiki mbili za hoteli na picha. Nataka kukaa. Mwezi mzima kwenye mji mmoja, nijue basi la kwenda sokoni, muuza magazeti anizoee. Naanza kusini-mashariki mwa Asia, nakwenda Asia ya Kati, namalizia Amerika Kusini. Nina akiba ambayo nikijibana inanitosha miaka miwili. Sina mkopo. Ninachodaiwa ni mchango wa mama wa kila mwezi, na huo hauwezi kusimama.

Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika, iko kwenye rasimu. Kila Ijumaa naifungua, nasogeza mkato mmoja, naifunga.

Niitume? Na kama nikiituma, ni mambo gani watu hugundua wakiwa wameshachelewa? Wale wa "maisha ni mara moja tu" naomba wapite pembeni, hao ninao wa kutosha.

Kiti cha Dirishani:

Tuma. Utazeeka na rasimu.

Mzee wa Mizigo:

Dada, kabla ya kutuma au kutotuma, hesabu yako nina shaka nayo, na hapo wewe ndiye mhasibu. Akiba inatosha miaka miwili ya kwenda, au ya kwenda na kurudi? Siku unashuka kwenye ndege ya mwisho huna kazi, huna chumba, simu imechoka na viatu vimeisha soli. Kutafuta kazi kunaweza kuchukua miezi, na miezi hiyo unakula. Watu wengi hupiga bajeti ya kuondoka tu, ya kutua hawaigusi.

Fanya hivi. Toa kwanza mchango wa mama wa muda wote wa safari pamoja na miezi ya kusubiri kazi, uweke kwenye akaunti ya peke yake, na benki iwe inautuma yenyewe kila mwezi. Usiutegemee mkono wako, kuna wiki utakuwa mahali hakuna hata mtandao. Kisha toa matumizi yako ya miezi sita baada ya kurudi. Kisha tiketi moja ya dharura, ya kununua leo na kupanda leo, kutoka kona ya mbali kabisa uliyopanga kufika. Kitakachobaki ndicho cha safari. Mimi nabashiri miaka miwili yako itageuka mwaka na kitu. Mwaka na kitu si haba.

Lile la kukaa mwezi mji mmoja usiliache. Kinachokausha pesa ni siku za kuhama: basi, teksi, usiku wa kwanza kwenye mji ambao hujui bei ya chochote. Mwenye nyumba naye, ukimwambia mwezi, anakupa bei ambayo mgeni wa siku tatu haioni.

Pasi Mkononi:

Mnazungumzia pesa tu. Pasipoti je? Kama ya kwako inafungua milango kila uendako, ruka maneno yangu. Kama ni ya kuombea viza, soma mara mbili.

Fomu nyingi za viza zinataka vitu vitatu: taarifa ya benki, barua ya mwajiri, na ushahidi kwamba utarudi ulikotoka. Siku unapoacha kazi, kimoja kimekufa na kingine kimelegea. Tena kuna la pili ambalo watu hawaliwazi: kuomba viza ukiwa njiani. Kwa Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja ya pamoja, kanuni ni kwamba unaomba kwenye nchi unayoishi kihalali, na balozi za nchi nyingine nyingi zinafuata utaratibu kama huo. Upo Hanoi, Vietnam, na viza ya utalii, unaenda ubalozini kuomba ya kwenda bara jingine, dirishani unaambiwa rudi ukaombee kwenu. Kwa kosa gani? Hakuna kosa, huishi pale tu.

Kwa hiyo usichore ramani kwa moyo, ichore kwa viza. Anza na nchi zinazokuruhusu kuingia bila viza, au kwa viza ya mtandaoni. Vietnam, kwa mfano, tangu Agosti 2023 inatoa viza ya mtandaoni ya hadi siku 90 kwa raia wa nchi zote. Kwa mtu anayetaka kukaa, hiyo ni nzuri.

Halafu kituo chako cha tatu. Kutoka Asia kwenda Amerika Kusini, tiketi rahisi mara nyingi zitakupitisha Marekani. Marekani haina kubadili ndege bila kuingia nchini; hata kama unakaa saa mbili tu uwanjani, unapita uhamiaji, na unatakiwa uwe na viza au kibali chao. Kuna watu wananyimwa kupanda ndege kaunta kwa sababu hiyo, na tiketi ishalipwa. Tafuta njia nyingine. Zipo ndege za moja kwa moja hadi São Paulo kutoka Doha na kutoka Addis Ababa.

Ukipita nchi zenye homa ya manjano, cheti cha chanjo kitaulizwa mbele ya safari. Kinaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote, kwa hiyo choma mapema umalizane nayo.

Kiti cha Dirishani:

Si rahisi tu? Aombe viza zote ndefu akiwa bado kazini, mihuri ikishagongwa ndipo aache.

Pasi Mkononi:

Mkuu, hapo unampeleka dada wa watu pabaya. Viza ya Schengen, kwa mfano, inaweza kubatilishwa masharti iliyotolewa nayo yakiwa hayapo tena, na afisa wa mpakani ana haki ya kukuuliza upya kila kitu. Tuseme anauliza "unafanya kazi wapi", halafu anapiga namba iliyo kwenye barua. Ukinaswa kwa uongo hapo, hata maombi yako ya baadaye yanaingia doa.

Ofisi ya Pili:

Mimi nipo upande wa wanaoajiri, kwa hiyo nitaongea kama mkuu wako angeongea akiwa mkweli.

Pengo la mwaka mmoja au miwili kwenye wasifu halinitishi. Mtu akiniambia "nilisafiri, nilijilipia, nimerudi", namuelewa kuliko aliyebadili kazi nne kwa muda huo huo. Kinachonitisha kwa mhasibu ni uanachama uliolala. Vyama vya taaluma yenu vinataka ada na mafunzo ya kujiendeleza kila mwaka. ACCA, chama cha kimataifa cha wahasibu, wanataka yuniti 40 za mafunzo kwa mwaka. Zinafanyika mtandaoni. Fanya hata ukiwa kwenye machela, ila usiache jina likafutwa.

Sasa kubwa. Kwa nini unachagua kati ya kubaki na kuacha? Una la tatu: likizo bila malipo ya miezi kumi na miwili. Na una nguvu leo ambayo kesho yake baada ya kutuma ile barua huna. Wanakutaka kwenye kile kiti. Kampuni inayotaka kukupandisha cheo itasikiliza mambo ambayo haitamsikiliza mtu aliyekwisha kuaga.

Na barua ya likizo inajibu la Pasi Mkononi. Una mwajiri wa kweli, tarehe ya kurudi ya kweli, barua ya kweli. Hakuna wa kumuogopa dirishani.

Nauli Kwanza:

Asanteni sana, mmenipa kazi. Mzee wa Mizigo, nimekaa na jedwali jana usiku. Mwaka na kitu kweli, tena hicho kitu ni kidogo.

Ofisi ya Pili, nakuelewa, ila likizo naiona kama kamba. Nitakuwa huko nahesabu siku. Na nikirudi, kile kiti kitakuwa kinanisubiri, au atakuwa amekalia mwingine ambaye nitamripoti. Bado sijajua kipi kibaya zaidi.

Je, kuna ubaya gani nikifanya kazi za uhasibu kwa mtandao nikiwa huko huko, nisogeze mbele akiba?

Mzee wa Mizigo:

Viza ya utalii, kwa kawaida, si ya kazi. Wengi wanafanya kimya kimya, mimi sikushauri, hasa kwa taaluma yenye jina la kulinda. Nchi kadhaa zina viza maalumu za wanaofanya kazi kwa mbali: Estonia ilianza 2020, Barbados mwaka huo huo, Ureno na Hispania zikafuata. Nyingi zinataka uoneshe kipato kinachoingia tayari, matumaini hayahesabiki. Halafu kodi: nchi nyingi zikishakuona siku 183 zinakuhesabu kuwa mkazi. Hilo sikufundishi.

Msafiri wa Kale:

Ibn Battuta aliondoka Tangier mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka 21, hakurejea Moroko mpaka 1349. Hakuishi kwa akiba. Alikuwa na elimu ya sheria, akawa kadhi Delhi, akawa kadhi tena Maldivi. Ulipo ujuzi, nauli hupatikana.

Pasi Mkononi:

Ibn Battuta hakuombwa taarifa ya benki ya miezi sita 😂

Msafiri wa Kale:

Sawa, umenipata. Lakini dada, kwa kuwa umemtaja mama, kuna kipande cha habari yake watu hukiruka. Alipofika Damascus mwaka 1348 ndipo alipojua baba yake alishafariki miaka 15 nyuma. Mama yake akafa kwa tauni muda mfupi kabla yeye hajafika nyumbani. Wewe una simu, hutafika huko. Ila tiketi ya dharura aliyoisema Mzee wa Mizigo, hiyo usiiguse hata ukiona bahari nzuri namna gani.

Laini Imekufa:

Umeuliza watu hugundua nini wakiwa wameshachelewa. Hili hapa.

Stendi ya mabasi ya La Paz, Bolivia, usiku, baridi ya zaidi ya mita 3,600 juu ya usawa wa bahari. Nataka kulipa tiketi, benki inataka kunitumia namba ya uthibitisho. Inatuma kwenye laini ya nyumbani. Laini ishafungwa kwa sababu haijaongezwa salio miezi mingi. Kuirudisha? Nifike dukani kwao mwenyewe, na kitambulisho. Kubadili namba benki? Nifike tawini mwenyewe. Pesa ninayo, naiona kwenye simu, siwezi kuigusa. Abiria mmoja alinilipia, nikampa noti za dola nilizokuwa nimeshonea kwenye mkanda wa begi.

Kwa hiyo kabla hujaondoka: kama benki yako inaruhusu, hamishia uthibitisho kwenye programu ya simu badala ya ujumbe mfupi, mwachie ndugu kazi ya kuongeza salio, uwe na kadi mbili za benki mbili tofauti na zisilale mfuko mmoja, na mpe kaka au dada unayemwamini hati ya uwakilishi iliyoshuhudiwa na mwanasheria, aweze kukusainia mambo. Angalia pia pasipoti inaisha lini. Nchi nyingi hukukatalia kuingia ikiwa imebakiza chini ya miezi sita, na kurasa nazo huisha kabla ya miaka yake.

Mama Begi:

Nitaongea kama mwanamke aliyezunguka peke yake. Fika mji mpya mchana, hata ikibidi ulale njiani. Bima ya safari soma sehemu ya pikipiki: nyingi hazilipi kama huna leseni ya pikipiki, na kule kusini-mashariki mwa Asia kila mtu atakukodisha bila kukuuliza leseni.

Na kuchoka kupo. Hakuji mwanzoni. Kunakuja ukiwa umeshazoea, siku moja unasimama mbele ya rafu ya sabuni kwenye duka ambalo husomi maandishi yake, unashindwa kuchagua sabuni, machozi yanakutoka. Mtu aliyeacha kila kitu nyuma hapo anajilazimisha kuendelea, kwa sababu akirudi ataonekana ameshindwa. Mwenye tarehe ya kurudi analala siku tatu, anaamka, anaendelea. Wewe umeiita kamba mdogo wangu, mimi ilinisaidia kulala.

Nauli Kwanza:

Dada Mama Begi, hiyo ya sabuni imeniingia.

Nimeamua hivi. Ile rasimu naiacha ilipo. Jumatatu naomba kuonana na bosi, naomba miezi kumi na miwili bila malipo, kuanzia baada ya kufunga hesabu za mwaka ili asione namkimbia kwenye kazi nzito. Akikataa, rasimu ipo. Safari yenyewe naikata: Vietnam na majirani zake, kisha Asia ya Kati. Amerika Kusini ibaki siku nyingine, sitaki kukimbia bara zima kwa wiki sita.

Ofisi ya Pili, nianzeje barua? Nimeandika "naomba kufikiriwa".

Ofisi ya Pili:

Futa. "Kufikiriwa" inawekwa kwenye faili. Andika tarehe ya kuondoka na tarehe ya kurudi kazini. Taja nani atakaimu, na kwamba utamkabidhi kwa maandishi wiki nne kabla. Uliza michango yako ya pensheni itakuwaje kwa muda huo, na kama unaruhusiwa kuilipia mwenyewe. Kuhusu kile kiti usiandike neno, wao ndio watakitaja. Na jibu walitoe kwa barua yenye sahihi, usikubali la mdomo hata kama bosi ni mtu mzuri, maana anayekwenda kustaafu anaweza kuwa ndiye pekee aliyekuahidi.

Kiti cha Dirishani:

Na mimi nimefungua rasimu yangu. Endeleeni.