Mnatuhimiza mazoezi kila siku, tukafanyie wapi? Viwanja vya wazi Dar vinaliwa tunaangalia

Wakuu salaam. Leo naandika na hasira kwa hiyo mnivumilie, hili jambo limenikaa kooni muda mrefu.

Kiwanja cha wazi cha mtaani kwetu kimezungushiwa mabati. Kile kile ambacho kwenye ramani ya mipango miji ni eneo la wazi, watoto wa mtaa mzima wamekichezea chandimu miaka na miaka, alfajiri akina mama wanapiga mazoezi pale, jioni wazee wanakaa chini ya miembe na bao lao. Ilianza kidogo kidogo, zikaja fremu mbili pembeni tukaambiwa ni mapato ya mtaa, mara gereji, mara yadi ya magari ya kuuza, mara tumeamka miembe imekatwa, na sasa hivi kuna geti na mlinzi. Ukienda ofisi ya mtaa unaambiwa nenda kata, kata wanakutuma manispaa, manispaa faili liko kwa afisa ambaye yuko safari. Afisa gani huyo harudi??

Kinachonichoma zaidi ni hiki. Mwaka 2016 serikali yenyewe ilitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi kitaifa, sababu presha na kisukari vinatumaliza. Na ni kweli vinatumaliza, ule utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta karibu asilimia 26 ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64 wana presha ya juu na kama asilimia 9 wana kisukari. Sasa unamwambia mtu akimbie, halafu pa kukimbilia unampa mwenye hela aweke fremu za chips. Hiyo ni akili gani?

Mzee wangu ana vyote viwili, presha na sukari. Kliniki wamemwambia atembee nusu saa kila siku na sio kwamba hataki, alikuwa anazunguka pale kiwanjani taratibu na wenzake, akichoka anakaa kivulini. Sasa hivi atembee wapi? Barabara yetu haina njia ya waenda kwa miguu, bodaboda zinapita mpaka kwenye mitaro, ameshakoswakoswa na sasa anashinda ndani kwenye kochi. Mzee wa namna hiyo dawa unamnunulia kila mwezi lakini dawa ya bure iliyokuwa hatua chache kutoka mlangoni mmemnyang'anya.

Maana tuelewane, msuli ukifanya kazi unavuta sukari kutoka kwenye damu, na mtu akizoea kutembea mishipa inalegea na presha inashuka. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mtoto dakika 60 kila siku. Kila siku! Niambieni mtoto wa nyumba ya kupanga, familia sita uani, ndoo na majiko kila kona, hizo dakika 60 anazipatia wapi kama sio kiwanjani? Ndio maana wanashinda kwenye simu na kwenye vibanda vya magemu, tukiwaona tunawaita wavivu.

Na miti jamani, msiione kama pambo. Mwezi wa kwanza na wa pili Dar hii mnaijua, mti unatoa kivuli na majani yanapumua unyevu hewa inapoa, ila mabati na lami vinakunywa jua mchana kutwa halafu usiku vinalitema, watu hawalali. Kuna utafiti wa Marekani ulitoka 1984, mtafiti anaitwa Roger Ulrich, alilinganisha wagonjwa waliofanyiwa upasuaji, waliokuwa na dirisha linaloangalia miti waliruhusiwa mapema na walitumia dawa kali za maumivu kidogo kuliko walioangalia ukuta wa matofali. Kuangalia tu hiyo! Sisi hata mwembe wa kuuangalia hatuna.

Najua kuna mtu atakuja hapa kusema nendeni ufukweni Coco. Mtu wa Chanika au Mbagala apande daladala mbili kwenda kutembea nusu saa halafu arudi awahi kazini? Mwingine atasema jimu, ada ya mwezi ya jimu ni mchele wa familia. Klabu zetu za jogingi zinakimbia katikati ya barabara Jumapili, mtu mbele na kitambaa chekundu anasimamisha magari, tunashangilia kwa vile wanaimba vizuri lakini wale wanahatarisha roho zao kwa kukosa pa kwenda. Dada zangu ndio usiseme, kukimbia peke yako barabarani alfajiri ni kutafuta balaa, pale kiwanjani walikuwa kundi na walijuana.

Na haya mambo yanazuilika. Majirani zetu Nairobi, 1989 walitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, mwanamazingira Wangari Maathai akasimama na wenzake akatukanwa sana ila lile ghorofa halikujengwa. 1999 akapigwa kwa kutetea msitu wa Karura, leo hekta zaidi ya 1,000 zipo katikati ya jiji watu wanakimbia na kuendesha baiskeli humo. Sisi tunaambiwa tusubiri bustani kubwa ya mradi wa Bonde la Msimbazi, sawa ije, naitaka sana, ila haitamsaidia mzee wa mtaani kwangu asiyeweza kufika Jangwani kila asubuhi.

Tumeshaanza kukusanya sahihi za wakazi na Jumatatu tunazipeleka. Tulichokwama ni nakala ya ramani yenye muhuri, bila hiyo tunageuzwa maneno. Mwenye uzoefu aseme inapatikana ofisi gani, barua inaandikwaje na unalipia nini. Na kama mtaani kwako kuna kiwanja kimeliwa hivi hivi kitaje hapa, mtaa na kata, tuvipange pamoja.