Dar hadi Tukuyu kwa gari na watoto watatu wakubwa, tusimame wapi na tuache wapi?

MamaWatatu

Habari za jioni wakuu, naomba ushauri kwa mliowahi kusafiri na watoto waliobalehe, maana wadogo nilishawamudu ila hawa wakubwa ni habari nyingine.

Mwezi wa sita tunataka kwenda Tukuyu kwa mama mkwe na gari letu, mi na mume wangu na watoto watatu. Binti ana 17, wa kati wa kiume ana 15, kitinda mimba naye wa kiume ana 13.

Mwaka juzi tulienda mkupuo mmoja, tukatoka Dar saa 9 usiku tukafika Tukuyu giza limeshaingia, ni kama kilomita 900 hivi, na kiukweli ile safari iliniuma. Siyo uchovu. Watoto walikaa siti ya nyuma kila mtu na hedifoni zake masikioni, tunapita Mikumi tembo wako pembeni ya lami kabisa, nawaita tazameni, aliyeinua kichwa ni wa mwisho peke yake. Kufika mlima Kitonga wakubwa wawili wakagombania chaja, wakanuniana mpaka siku ya tatu tuko kwa bibi yao. Mwakani binti anamaliza shule, sasa sijui kama tutapata tena likizo ya kukaa wote watano kwenye gari moja, ndo maana safari hii nataka twende taratibu.

Nimepanga hivi: tulale Morogoro, halafu Mikumi, Udzungwa kwenye maporomoko ya Sanje, Iringa, Mafinga, Mbeya mjini, kimondo cha Mbozi, Tukuyu, tumalizie Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Siku 9 kwenda na kurudi. Mume wangu anasema nimejaza mno. Je anasema kweli? Na simu niwanyang'anye au niwaachie?

BabaMapacha_Mbezi

Dada, mumeo yuko sahihi. Mi nilifanya kosa hilohilo na mapacha wangu walipokuwa na 14, vituo saba siku sita, kila asubuhi ni kugombana kuamshana na kufunga mabegi, mwisho wakawa hata kushuka kwenye gari hawataki. Watoto wa umri huu usingizi wao ni wa asubuhi, ukiwaamsha saa 10 alfajiri siku tatu mfululizo usitegemee uso mzuri, hata mi nisingeutoa.

Toa Morogoro, kutoka Dar ni kilomita mia mbili hazifiki, mtakuwa mmelala mapema bila sababu. Toa kimondo, kile kiko njia ya Tunduma na nyie wa Tukuyu mnakata kushoto pale Uyole, ni kwenda na kurudi bure labda mtoto mwenyewe awe na hamu nacho. Udzungwa ni pazuri sana, Sanje maji yanashuka kama mita 170, ila unaacha barabara kuu pale Mikumi unashika njia ya Ifakara na kupanda kwenyewe ni kwa miguu, hiyo ni siku nzima. Usiiweke kama kituo cha kupitia, ama muipe siku yake ama muiache.

Lala Mikumi usiku mmoja, Iringa lala MBILI, kisha moja kwa moja Tukuyu. Matema mnaenda mkitokea kwa bibi.

Afu hili ndo kubwa: kila mtoto mpe kituo chake awe ndo msemaji. Simaanishi umuulize "unataka kwenda wapi" afu uamue mwenyewe, wanajua, hawa siyo wajinga. Mpe na hela ya kituo chake. Wangu mmoja nilimpa Iringa, akaamua twende Isimila, ni kama kilomita 20 kutoka mjini ukielekea Mbeya, kuna zana za mawe za watu wa kale na zile nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko. Alisoma mwenyewe kabla, akatutembeza kwenye lile korongo anatueleza, yule mtoto ambaye nyumbani ukimsemesha anajibu "sawa" tu. Mwingine akachagua Kalenga, kwenye makumbusho ya Mkwawa, yule mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Wakasimama mbele ya fuvu lake, mzee wa pale akaeleza kwamba Mkwawa alikufa 1898 na fuvu likarudishwa kutoka Ujerumani 1954. Binti yangu akapiga hesabu akaniuliza, baba miaka 56 walikuwa wanalifanyia nini huko? Tuliliongea lile swali mpaka usiku mezani, simu ziko palepale na hakuna aliyeigusa.

Kwa hiyo simu waachie, ukinyang'anya utawapa sababu ya kununa kuanzia Kimara, hata Dar hamjatoka.

Mzee wa Spana

Naongezea upande wa gari maana barabara hii nimeendesha malori miaka mingi. Mama usitoke tena saa 9 usiku na familia. Toka saa 11 alfajiri, saa 12 jioni uwe umeshapaki. Usiku kuna malori yameharibika yameachwa barabarani bila taa, matawi tu ya miti yamewekwa nyuma, unayaona umeshafika.

Mikumi barabara inakatiza hifadhi kama kilomita 50, mwisho spidi 70 mchana na 50 usiku, na vibao vimeandika faini ya kila mnyama ukimgonga. Msishuke kupiga picha na watoto wasirushe maganda dirishani, nyani wamezoea na ndo wanaogongwa.

Kitonga wakati wa kwenda mnapanda, kaa nyuma ya lori na uvumilie, usiovateki kwenye kona. Hatari zaidi ni wakati wa kurudi mnashuka, mwambie mzee aweke gia ndogo gari lishikwe na injini, asikanyage breki muda wote zikapata moto. Anayechefukwa akae mbele kuanzia Ruaha Mbuyuni. Vijijini ni 50, tochi za trafiki za kupima spidi zipo na kosa moja ni elfu 30. Tairi spea ipimwe upepo kabla ya safari, wengi wanakumbuka siku ya pancha. Na huyo binti wa 17 hata akiomba vipi msimpe usukani, leseni ya gari ni 18.

Kifungua_19

Shikamoo mama. Naomba niseme kwa upande wetu maana mi nilikuwa huyo binti wa siti ya nyuma miaka michache iliyopita, Dar kwenda Songea, na nilinuna njia nzima, mpaka leo nyumbani wanasema nilikuwa na kiburi.

Ukweli ni kwamba nilikuwa kwenye siku zangu. Niligundua tumeshapita Mikumi, baba nikamwambia nataka choo akasema vumilia tutasimama Iringa, wadogo zangu wa kiume wao wanashuka porini wanamaliza, mimi nikaambiwa na mimi nishuke hapohapo. Sikuweza kusema mbele ya wote. Nilikaa nimejifunga kanga masaa mengi namwomba Mungu siti isichafuke. Hizo hedifoni nilivaa nisiongeleshwe tu nisije nikalia.

Kwa hiyo mama, kabla hamjaondoka kaa na dada pembeni mpange neno lenu wawili, akilisema gari linasimama sheli inayofuata na hakuna anayeuliza kwa nini. Mfuko wake wa pedi, nguo ya kubadilisha na kifungashio cheusi uwe mbele miguuni kwako, usiwe kwenye buti chini ya mabegi ya watu wote. Na kama mnaweza, apate chumba chake au alale na wewe, asibanwe na wadogo zake wa kiume kitanda kimoja.

Tena mwezi wa sita baridi ya Mafinga na Makambako siyo mchezo, masweta yasifungiwe chini.

MamaWatatu

Asanteni sana wote. Kifungua_19 marahaba mwanangu, nimesoma ulichoandika mara mbili nikaenda kukaa na binti yangu chumbani kwake. Mwaka juzi ilikuwa hivyohivyo na mimi mama yake sikujua. Neno letu tumeshachagua.

Mpango umekuwa hivi: Mikumi usiku mmoja, Iringa mbili, Tukuyu kwa bibi tatu, Matema moja, kurudi tunalala Iringa tena. Udzungwa tumeacha. Mdogo kapewa Mikumi, ndo aliyewaona tembo. Binti kachukua Iringa yote. Wa kati kagoma kuchagua, akasema "popote tu", baba yake akamwachia sokoni: anunue vitunguu vya bibi pale Ruaha Mbuyuni, elfu 20 mkononi, sisi tunabaki kwenye gari. Usiku huu kaja jikoni kuniuliza kile kiroba cha wavu kinaingia vitunguu kilo ngapi, na bibi anapenda vyekundu au vyeupe. Nimemwambia ampigie mwenyewe amuulize. Wako kwenye simu mpaka sasa hivi.